Msalaba Nilioung'arisha

Kolwezi, Alhamisi. Mvua imeanza saa nne asubuhi na bado haijachoka.

…na bado nampenda, hilo ndilo nililokuwa naliandika juzi wino ulipoisha. Nampenda hata anapotafuna mwisho wa kalamu. Nampenda anapovaa abakosi niliyoipiga pasi mwenyewe, lile koti lisilotaka tai, na kutoka kwenda kufundisha historia ya dunia, toka Babeli hadi leo, kwa haraka ya mtu anayechelewa treni. Wiki sita za ndoa! Bado naliandika jina lake pembeni mwa kurasa kama msichana wa shule. Chinyama. Chinyama wangu.

Lakini leo lazima niandike nilichofanya.

Jumapili alifunga kamba kutoka mlango wa mbele hadi jikoni, apate kupima somo lake kabla ya kulipeleka darasani. Mimi nilishika kamba, yeye akafunga vitambaa. Hapa Babeli, kwenye bawaba ya mlango. Hapa Misri. Ugiriki na Uchina juu ya meza. Roma ikaangukia mgongo wa kiti changu, naye akasema hiyo ni heshima kubwa kwa Roma. Kila vidole vyetu vilipogusana nilisahau ni karne gani.

Nikamuuliza, na sisi?

Akanionyesha mwisho kabisa wa kamba, karibu na jiko la makaa. Kitabu cha shule kinatuanzisha pale, siku wageni walipofika kuitazama shaba yetu.

"Wanasema kama vile mukuba ulijichimba peke yake," akasema. Mukuba ndiyo shaba kwa lugha za wazee wa huku.

Ndiyo maana alitaka kuupeleka msalaba darasani. Ungekuwa shahidi wake.

Msalaba wenyewe ni wa shaba, mpana kama viganja viwili. Wafuaji wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha mawe na kumimina misalaba kama hiyo zamani sana, na watu wakanunulia vitu na kuolea wake. Huu ndio uliomwoa bibi yake Chinyama. Ulikuwa wa kijani kote, kijani kizito. Siku ya harusi yetu baba mkwe alishuka kwenye treni kutoka Kasaji akiwa ameufunga kwenye kitambaa, akaniwekea mikononi mbele ya jamaa zote mbili.

"Uutunze muzuri, mama," akaniambia.

Neno hilo nililishika kwa nguvu, kwa sababu najua alichosema kabla. Alimwambia mwanawe kwamba wasichana wa kambi hawajui vitu vya kwao. Mimi ni mtoto wa kambi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba, na sisi wote tumezaliwa katika zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari.

Na kambini kitu kinachotunzwa hung'aa. Mama alinifundisha hivyo. Mwezi wa kwanza mke mpya husugua masufuria kwa majivu na mchanga, kisha huyapanga nje juani ili wanawake wakipita waone ameolewa mtu. Mama Kapinga, jirani yetu, alinisalimia wiki iliyopita huku amejiziba uso kwa kanga. "Weye muke mupya, utatupofusha macho!" Nilifurahi siku nzima.

Basi Jumanne, Chinyama akiwa shuleni, nikachukua ndimu, majivu na mchanga.

Nilisugua kwa upendo. Niliimba. Kijani kilitoka kama maji ya mboga, nikayamwaga chini ya mpapai. Kisha nikauweka msalaba dirishani, mwekundu, unawaka, nikaona uso wangu ndani yake nikitabasamu kama mjinga.

Aliporudi alisimama mlangoni bila kuweka mkoba chini.

"Ngalula. Kijani iko wapi?"

"Nilisugua."

"Yote?"

"Yote. Hata ku pembe."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alikaa kwenye kiti cha Roma, akaushika msalaba magotini, na bukari niliyosonga, ugali wetu, ikapoa mbele yake. Baadaye akanieleza taratibu kwamba kile kijani ndicho kilichokuwa umri wake. Kwao kitu kama hicho hutunzwa kwa kufungwa kitambaani na kuachwa. Hakuna mkono unaokisugua.

Nilimwaga umri wa watu chini ya mpapai.

Jana aliupeleka hivyo hivyo. Nilikaa siku nzima nikisikiliza barabara. Aliporudi alinisimulia yote, hanifichi kitu. Alifunga kamba ukutani, akautundika msalaba mbali sana na ule mwisho wa jikoni, akawaambia wanafunzi tulikuwa hapa, tukifanya kazi hii, kabla ya mgeni yeyote. Darasa likaangua kicheko. "Professeur, hii balitengeneza jana ku atelier!" Eti umetengenezwa jana karakanani. Ikabidi aseme ukweli, kwamba mke wake ameusugua. Wakacheka zaidi. Mmoja akapiga kelele, "Mumusamehe, ni muke mupya!"

Nilitaka ardhi inimeze.

Lakini msichana mmoja wa nyuma hakucheka. Aliinua mkono akauliza, "Na siku balimuoa nkambo wenu, ulikuwa kijani?"

Nkambo ni bibi, mama wa baba. Chinyama anasema alibaki na chaki hewani. Maana jibu ni hapana. Siku ile ulikuwa haujakaa sana tangu utoke motoni. Ulikuwa mwekundu, unang'aa, kama huu.

Basi akawafundisha kutokea hapo. Akawaambia wanawake wa Misri walisugua shaba ili waone nyuso zao, na kwamba kila kitu cha kale kiliwahi kuwa kipya mikononi mwa mtu aliyekifurahia. Wakaandika. Walinyamaza na kuandika!

Kisha, hapa jikoni, alinigeuza uso kwa vidole vyenye chaki.

"Mi sijaiona hivi. Hata Tata hajaiona hivi. Weye na nkambo tu." Tata ndivyo anavyomwita baba yake.

Nililia kwenye abakosi yake yote.

Ila baba mkwe bado hajui. Leo asubuhi Mama Kapinga amenipa dawa: niuzike kwenye udongo wenye maji na chumvi, kijani kitarudi, mzee hatajua kamwe. Nimeichukua chumvi. Nimefika hadi chini ya mpapai mvua ikininyeshea, msalaba kifuani. Chinyama, amesharudi kutoka shuleni, alikuwa dirishani, ananitazama. Ameniachia mimi.

Nimerudi ndani, nikaupangusa, nikaufunga katika kitambaa kile kile alichokuja nacho baba mkwe. Nikianza kumdanganya mzee huyo sasa, nitamdanganya kila treni itakapomleta. Na kijani cha wiki moja kingekuwa umri wa nani?

Naogopa. Huenda akasema, niliwaambia, mtoto wa kambi. Akisema, nitapiga magoti na kusikia mpaka mwisho. Halafu nitamwomba autazame mara moja tu, jinsi mama yake alivyoutazama.

Tata, kabla mwezi huu haujaisha utatuona tukishuka stesheni ya Kasaji. Mwanao atabeba mizigo. Msalaba nitaubeba mimi.