Pweza wa Kivinje

Kilwa Kivinje,
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni goti lako na ile njia ya kupanda kutoka mtoni. Nijibu kama unalipumzisha, na usinidanganye.

Barua yako nimeipata. Unasema nirudi kabla ya vuli nilime kipande changu cha shamba, maana mjomba anauliza kama bado nina haja nacho. Kabla sijajibu, sikiliza ya jana.

Unajua tangu kiwanda kitupunguze kazini na mimi kuja huku, nauza vitumbua tu mtaani. Jana nikashuka soko la samaki kwa mara ya kwanza. Mama, sisi tuliokuzwa na perege na dagaa wakavu hatujaona kitu. Kuna samaki wanamwita taa, mpana kama ungo. Kuna papa, wanaume wanne ndio wanamgeuza. Kila mtu anauza chake, siku hizi ruksa. Nilisimama nikasahau hata kusalimia watu. Mungu ameumba, mama.

Mara nikaona mama mmoja mtu mzima anapigapiga juu ya jiwe kitu chenye mikia mingi. Nikajua nyoka. Nikaokota gongo, nikakimbia kumsaidia, nikashusha pigo, soko zima likaangua kicheko. Kumbe pweza, amekufa zamani, anapigwa alainike.

"Wewe wa wapi, mwanangu?" akaniuliza yule mama, Bi Saada, anafuta machozi ya kucheka.

"Shikamoo. Natoka Uluguru, milimani."

"Marahaba. Basi piga, usiache. Huo mkono wa jembe."

Nikapiga mpaka akasema basi. Alipomkaanga akanionjesha, sijawahi kula kitu kama kile. Kisha akasema binti yake ameolewa Lindi, mezani pana nafasi, nije tukaange pamoja.

Nimekubali, mama. Najua kipande kile ulipewa na bibi, naye alipewa na mama yake, na mimi ndiye binti mkubwa. Naogopa utaona nimewatupa, na hilo linaniuma.

Nisalimie bibi, mjomba, na jirani yetu mfinyanzi. Mdogo wangu Mwajuma mwambie wewe mwenyewe kwamba kipande ni chake. Asiishie kupanda mahindi. Apande michungwa, miti ya miaka, ile ambayo mtu hapandi kwenye shamba la kuazima. Sitakuja kumwambia aing'oe.

Mwanao akupendaye,
Zamda