Goti la Jagoda

Ghorofa ya tatu, juu ya soko,
Užice.
14 Machi

Mpendwa mdogo wangu Radojka,

Pokea salamu za nyumbani. Mkono wako uliovunjika umeunga? Na huko Chicago baridi imepungua? Mimi sijambo, ila presha inanisumbua.

Naandika nikiwa na uzito moyoni. Mjukuu wangu Jagoda, aliyetimiza miaka saba juzi, anachechemea tangu Septemba. Kila asubuhi goti limevimba, halikunjuki. Unajua nilichosema: ni upepo wa dirishani. Nikamsakama mama yake, Snežana. "Utamlemaza mtoto na hayo madirisha yako unayoyaacha wazi," nilimwambia mbele ya wageni wa sikukuu ya mtakatifu wetu. Yeye alitaka hospitali. Mimi nikafunga goti kwa majani ya kabichi na pombe yetu kali, rakija, na mwanangu Miloje akanisikiliza mimi. Miezi mitano, Radojka.

Mwishowe tulimpeleka hospitali. Daktari wa Belgrade, mama mmoja mpole, alituchorea goti kwenye karatasi. Ndani ya kiungo mna utando mwembamba, na kazi ya seli zake ni kutengeneza ute wa kulainisha. Kwa Jagoda zimegeuka. Zimezaliana mno, utando umenenepa, nazo zinaita askari wa damu waje kupigana mahali pasipo na adui, ndiyo maana uvimbe haushuki. Kwa nini zimegeuka, bado wanatafuta. Upepo haumo.

Jagoda akauliza, "Hizo seli ni zangu mwenyewe?"

"Ni zako, mwanangu," daktari akamwambia.

"Sasa mbona zinanionea?"

Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Wamemchoma dawa gotini, na ana sindano nyingine ya kila wiki. Huenda goti likanyooka lote, huenda lisinyooke. Tumechelewa, na aliyechelewesha ni mimi.

Tuliporudi nilimwomba Snežana radhi. Aliendelea kumenya viazi. Siku tisa hakunisemesha.

Jana nililifungua dirisha la jikoni kwa mkono wangu, nikakaa palepale. Snežana akaja akalifunga. "Mama, na hiyo presha yako, utaugua bure," alisema.

Nililia mbele yake, naye hakuondoka.

Nisalimie shemeji Vukašin na binti yenu Milunka. Mungu awape afya ya viungo na amani nyumbani, na mtajeni Jagoda mnaposali.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Desanka