Bwana Harusi Haingii Ubavu Tena

Mama Mkubwa,

Mlango umekamilika. Nimeanza na hilo, salamu baadaye, maana najua ungenikata kauli uniulize. Mbao zote mbili ziko mahali pake hapa mtaani kwetu Mangarivotra, zinafunguka na kufungwa, na asubuhi ya leo nimepita katikati yake mikono nimeitanua kama mwehu. Jirani ameniona. Na aone.

Nakuandikia Kiswahili kile cha barua ulichonifundisha mwenyewe. Kimalagasi chetu ni cha sokoni, Kifaransa ni cha ofisini, na wewe hukupenda kusemeshwa kama uko sokoni wala ofisini.

Tangu uondoke, binti yangu Nuru ameposwa. Ijumaa bwana harusi anaingia. Unakumbuka ulivyoapa? Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke, na anakuja na ndugu zake wote, ngoma mbele, joho limemjaa mwilini. Halafu akifika kwetu, mbele ya mji mzima wa Mahajanga, anageuka ubavu kama kaa ndipo aingie! Yote kwa sababu mama yako, Koko wetu, aligombana na dada yake juu ya nyumba, na yule dada akahamia kisiwani Nosy Be na ubao mmoja wa mlango ili nyumba isifungwe bila yeye. Pengo likapigiliwa bati. Mumeo mwenyewe, Mungu amrehemu, joho lake lilinaswa na msumari wa bati lile, akaingia kwenye ndoa na mfuko unaning'inia. Hukumwacha apumzike na kisa kile hadi alipokufa. Nuru alipozaliwa ukasema, "Mume wa huyu ataingia kifua mbele."

Nadhani maradhi yako ya kukusanya vya kuchongwa yalianzia hapo. Uhuru ulipokuja watu walitaka vitu vipya, vitanda vya chuma na meza za kung'aa, na vya zamani vikaenda jikoni kuwa kuni. Wewe ukawa unavifuata jikoni. Ulirudi umepanda kigari cha posiposi huku umepakata kizingiti cha watu kama mtoto mchanga, na mvutaji anatweta. Ulileta mbuzi za nazi zenye vichwa vya ndege, marfaa za kusomea msahafu, miiko, masanduku yasiyo na vifuniko. Mama yangu alikuwa akisema dada yake anafungua duka la kuni. Ulimjibu, "Hivi vilishikwa na mikono ya mama zetu, na wewe unataka kuchemshia chai."

Kitu kimoja tu hukukigusa. Watu walipokuletea ndege wa mti waliong'olewa makaburini kwa Wasakalava, uliwafukuza na ufagio. "Vya maiti vina wenyewe, na hawawezi kusema hapana." Yule Vazaha, mzungu mwenye kofia ya nyasi, alipotaka kuununua ubao wetu, hukumpa hata heshima ya ufagio. Ulimwambia tu kwamba ubao huo unamngoja mwenzake, hausafiri.

Tulikwenda Nosy Be mara ngapi, mimi na wewe? Kila safari, kule kijijini Ambanoro, ndugu zetu walituapia kuwa ubao ule uliliwa na mchwa zamani. Hawakusema uongo, masikini. Walikuwa hawajui. Na wewe, ukidhani umegeuzwa chombo kingine, ulipindua vinu vyao, ukapindua mbuzi zao na meza zao, ukawaudhi hadi wakaanza kutuficha vyungu.

Halafu ile safari ya mwisho homa ikakushika. Siwezi kuyaandika yote. Nitaandika hili tu, kwamba nilikuosha mwenyewe, pamoja na Bi Zaituni, mkubwa wa waoshaji pale. Tulikulaza juu ya ubao wa msikiti. Ubao ulikuwa unateleza kwa maji, nikaukamata kwa chini ili usicheze. Vidole vyangu vikaingia ndani ya ua lililochongwa.

Mama Mkubwa, maua yale nimeyajua kabla ya kujua alifu. Nilijifunza kusimama kwa kuyashika. Nilipapasa, nikakuta kikonyo, nikakuta jani lililokunjika vile vile kama letu. Sauti ikanitoka, na Bi Zaituni akadhani ni kilio. Kilikuwa kilio, na kilikuwa kitu kingine ambacho ningeona haya kukionyesha mbele ya sanda yako.

Uliupita ubao ule miaka yote! Ulikuwa umeegemezwa nyuma ya msikiti, uso wake ukutani, mgongo laini nje, kwa sababu maiti huoshwa upande laini na hakuna mtu anayeugeuza ubao ule bila sababu. Wewe uliyepindua kila kitu cha watu, huo ndio hukuupindua, kwa sababu ni wa maiti. Nimecheka kwa hilo, nimelia kwa hilo, na hadi sasa sijaamua.

Baada ya kukuzika nikamwambia Bi Zaituni. Alinitazama kama nimeomba jino lake. "Ubao huu kila mmoja wetu ana miadi nao, mwanangu. Tukikupa, sisi tulale wapi?" Nikakaa pale Ambanoro, sikuondoka. Mwishowe yeye mwenyewe akakumbuka, siku moja tunachambua mchele, kwamba ubao wa zamani ulipovunjika mama zao waliazima ubao kwa yule dada yake Koko, na yeye akafa kabla hajaudai. Waliazima! Hawakupewa. Niliinuka na mchele ukamwagika.

Lakini hatukutaka kuwaacha bila kitu, sivyo? Nikamtafuta seremala, akapasua mti mgumu, akaupiga randa pande zote mbili hadi ukang'aa. Wanawake walikuja kuutazama, wakaupapasa. Bi Zaituni akavua kandambili, akapanda, akajilaza chali, akafumba macho. Tukangoja. Akasema, "Wa baridi, lakini unanitosha." Basi! Nilipiga vigelegele palepale, na wao wakaitikia, kwenye ua wa kuoshea maiti, Mungu atusamehe.

Melini serangi, mkubwa wa mabaharia, aliposikia ubao ulikuwa wa kazi gani akakataa kuupakia, na watu wake wakarudi nyuma. Nikamwambia, "Na wewe utalalia ubao kama huu, bwana, ila wako hautakuwa na maua." Akacheka hadi akakohoa. Aliubeba mwenyewe.

Bati lilipong'olewa hapa, tundu la kizingiti lilikuwa limejaa udongo na nta za mishumaa yetu ya utotoni. Fundi akalikwangua, akausimamisha ubao, ukaingia. Kile kikonyo chetu kilichokuwa kinaishia ukingoni, kile ulichokuwa ukikifuata kwa kidole hadi unafika hewani, sasa kinavuka upande wa pili na ua lake liko huko. Mama yangu, wa duka la kuni, alikaa chini kizingitini akakuita kwa jina lako la utotoni. Na Vazaha alipita jana. Alisimama muda, akavua kofia, akaenda zake.

Sasa watu wanakuja kutazama, na wanaleta. Juzi mama mmoja katoka Boanamary na marfaa ya babu yake ndani ya kanga, akasema ameona aibu kuichoma. Nimeiweka karibu na kitanda chako.

Mama Mkubwa, nakuahidi mlango huu hautagawanywa tena. Nuru nimemwapisha, na yeye atawaapisha wake. Ijumaa nitazifungua mbao zote mbili hadi ukutani, na kijana wa watu ataingia kifua mbele na joho lake zima, na mimi nitalitaja jina lako kwa sauti ngoma zisiweze kulifunika.

Ulikuwa ukifunga mlango jioni unaupiga ubao wetu kofi dogo na kuuambia, "Mwenzako hajarudi." Jana nimeupiga kofi, nikauambia amerudi. Halafu nikaweka mkono kwenye ule wa pili, uliokubeba wewe, nikauacha hapo mpaka ukapata joto.

Buriani, mama yangu. Lala.

Mwanao