Ufunguo wa Kiroboto

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti linakuruhusu kwenda sokoni bila kugombana nalo. Mimi sijambo, ila usingizi umenipungua, na sababu nakueleza wewe tu, maana uliikalia meza hii miaka ishirini kabla yangu.

Unajua ofisi yetu inavyoishi. Vipimo saba vya mto ni vya watu wa bwawa, na kila tunapotaka kujua kina cha maji, kompyuta yetu inawatumia ombi. Wametupa mgao wa maombi elfu kumi kwa siku. Yakiisha wanatujibu "mmefikia kikomo" mpaka alfajiri ya kesho yake, na king'ora cha kivukoni kinakosa cha kukiamsha. Kwa kawaida hatufiki hata nusu. Wiki hii mgao umeisha siku tatu mfululizo kabla ya saa nane mchana, na mvua ndiyo hiyo inakuja.

Jana nilifungua lile dirisha jeusi la amri ulilonifundisha, nikaandika amri ya kuorodhesha funguo zetu, yale majina ya siri yanayoruhusu kutuma maombi, na matumizi ya kila mmoja. Wa mkuu, maombi mia mbili. Wangu, elfu moja na mia nane. Wa tatu unaitwa kiroboto: maombi elfu nane, yote yanauliza kipimo namba nne, kile kilicho juu kidogo ya kivuko.

Baba, ule ni ufunguo uliomfungulia mdogo wangu ajifunzie nyumbani. Huu ni mwaka wa tatu tangu mto umchukue. Mfagizi wetu amegoma kupita karibu na meza yangu, anasema marehemu anauliza njia. Ninamcheka, lakini nywele zinanisimama. Ni nani anayeuliza?

Mwanao.


11 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Bahasha ilifika imelowa, lakini maneno yamesalimika. Mimi ni mzima kwa kipimo cha wazee: magoti yanauma kwa zamu, leo ni la kulia. Kupiga simu usijisumbue, masikio yangu siku hizi yanasikia yanachotaka.

Kuhusu huo ufunguo, usitafute mchawi. Programu ya zamani inaweza kuamka mtu akiwasha kompyuta iliyosahaulika stoo. Waombe watu wa bwawa wakuongezee mgao kwa ajili ya msimu wa mvua. Lakini ufunguo usiufute. Hilo ndilo jina lake la mwisho ambalo bado linafanya kazi. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Huku hakuna jipya. Jumanne umeme ulikatika kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa saba, nikabaki nazunguka nyumbani kama kuku aliyekosa pa kutagia. Kula vizuri, usiishi kwa chai.

Baba yako.


19 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, na goti nalipa pole.

Watu wa bwawa wamekataa kuongeza mgao mpaka mwezi wa saba. Basi nikaandika amri ya kuuwekea ufunguo wa kiroboto kikomo chake peke yake, maombi mia tano kwa siku. Saa kumi na mbili na robo asubuhi yalikuwa yamekwisha. Nikadhani nimemaliza kazi. Ukaendelea kubisha. Kila sekunde nne ombi, linakataliwa; ombi, linakataliwa. Nilikaa natazama mistari ikishuka mpaka chai ikapoa mkononi. Na watu wa bwawa wanahesabu hata hodi iliyokataliwa, kwa hiyo ilipofika saa nane tulikuwa palepale, hatuuoni mto.

Nikarudi nyuma kwenye orodha nione kama uliwahi kunyamaza mchana hata mara moja. Ulinyamaza siku moja tu. Ilikuwa Jumanne, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa saba.

Barua yako niliisoma tena nikiwa nimesimama. Baba, ni wewe. Nieleze kwa nini, kwa sababu mkuu anataka ripoti na sijui niandike nini.

Mwanao.


2 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Afya yangu leo tuiache.

Ni mimi. Sentensi hiyo nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu.

Siku ile nilisahau miwani nyumbani. Nilikuwa najaribu programu mpya ya kuuliza vipimo, na kati ya ombi na ombi ilitakiwa isubiri sekunde sitini. Bila miwani niliandika sifuri, nikaiwasha, nikaenda kunywa chai na dereva. Niliporudi saa tano, mgao wa siku nzima ulikuwa umeliwa. Ningeweza kuwapigia simu watu wa bwawa. Ningeweza kumtuma mtu akasimame kivukoni. Nilichungulia dirishani, mbingu ilikuwa nyeupe, nikajiambia, nani atajua, alfajiri mgao utarudi. Niliona aibu. Fundi wa miaka ishirini amefanya kosa la mwanafunzi.

Mvua ilinyesha huko juu, mbali na macho yangu. Maji yalifika saa tisa. Mdogo wako alikuwa anavuka kuniletea miwani.

Kwenye ripoti niliandika kwamba kipimo namba nne kiliharibika. Wakanipa pole, na nilipostaafu wakaniaga kwa heshima.

Mwanzoni nilikuwa nauliza mara moja tu asubuhi, kwa kompyuta ya nyumbani na ufunguo wake, kina ni ngapi, kisha nakunywa chai. Mvua zilipokaribia, mara moja haikutosha. Kati ya jibu na jibu nilikuwa namwona amesimama katikati ya maji, mkono juu, miwani isilowe. Namba ikija ndogo namwona anafika ng'ambo. Kisha inabidi niulize tena. Najua ninaula mgao uleule. Huwa naizima kompyuta, na kabla kiti hakijapoa nimeshaiwasha.

Mwambie mkuu wako. Sitakana.

Baba yako.


27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimekaa siku ishirini na tano bila kukuandikia kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa tusi. Nina hasira nawe. Miaka mitatu natembea mpaka kipimo namba nne kila mwezi, nakipangusa matope na kukitukana kwa sauti, wapitao wananidhania nimerukwa na akili. Kumbe hakikuwa na kosa. Juzi nilikipangusa nikakiomba radhi, nikalia palepale.

Mkuu nimemwambia yote. Akasema ripoti ya siku ile lazima ifunguliwe upya na anataka maelezo yako kwa maandishi.

Wiki iliyopita mgao uliisha saa saba, mvua inanyesha. Mkuu na mimi tulikwenda kusimama kivukoni wenyewe, tunarudisha watu kwa mikono. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alibishana nami. Akaniambia, "King'ora hakijalia, wewe nani?" Nikamshika kanga tu. Nusu saa baadaye maji yalikuwa ya kifuani.

Mkuu amenipa mpaka katikati ya mwezi ujao niufute ufunguo, la sivyo ataufuta yeye. Mkono wangu umegoma. Labda nimwombe akuachie maombi mawili kwa siku, asubuhi na jioni, mradi uniahidi kwamba hutabisha zaidi ya hapo. Unaweza kuniahidi?

Mwanao.


4 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Maelezo anayotaka mkuu wako yamo ndani ya bahasha hii. Sikupunguza kitu.

Hayo maombi mawili usinipe. Ukiniachia hata moja nitalingoja siku nzima, na nikishalitumia nitabisha. Najijua. Nilikuambia hilo ni jina lake linalofanya kazi. Nilikudanganya na nikajidanganya. Kinachofanya kazi pale ni woga wangu. Nimemwaza sana yule mama uliyemshika kanga.

Ufute. Ufute wewe, siyo mkuu, na iwe asubuhi nikiwa macho.

Baba yako.


12 Mei

Baba,

Shikamoo. Mkuu amesoma maelezo yako akiwa amesimama, akayaweka kwenye jalada la siku ile. Hajasema atafanya nini.

Leo saa tatu kasoro robo niliandika amri ya kufuta. Haikufuta. Iliniuliza kwanza: andika jina la ufunguo kuthibitisha. Sikujua hilo, sijawahi kufuta hata mmoja. Mistari yako ilikuwa inashuka pembeni, kila sekunde nne. Mfagizi aliweka ufagio chini akaja kusimama nyuma yangu, akaniambia, "Andika, dada. Nipo." Nikaandika herufi moja moja jina tulilompa kwa sababu hakuwahi kutulia mahali. Nikabonyeza. Ukashuka mstari mmoja zaidi, umekataliwa, kisha orodha ikasimama.

Mchana mvua ilinyesha. Saa kumi kasoro dakika chache king'ora kililia chenyewe, na watu wakapanda juu wakinung'unikia matope. Hakuna aliyebaki chini.

Kuna jambo sikukuambia. Tangu Machi, kila nikiingia ofisini nilikuwa natafuta kwanza ombi lako la alfajiri, saa kumi na moja na dakika arobaini. Linanikasirisha, na papo hapo najua baba ameamka. Sasa sina pa kutazama. Ufunguo uliofutwa hauhesabiwi tena kwenye mgao wala hauonekani kwenye orodha yetu, kwa hiyo sijui kama umeizima kompyuta au ungali umekaa mbele yake unabisha mahali nisipopaona.

Nimeomba ruhusa. Ijumaa napanda basi la asubuhi. Hasira bado ninayo, nakuja nayo hivyo hivyo.

Mwanao.