Mkono Uliokulia Chini ya Boriti

La Chapelle-Orsan, 9 Oktoba 2022

Mjukuu wangu Apolline,

Hujambo huko kwenye mvua? Sisi huku wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo halijawahi kujua kunyamaza. Mama yako anasema simu inatosha, lakini kwenye simu ukisema ndiyo mimi nasikia siyo, na mwisho tunagombana bure. Niandikie.

Jumamosi nilimkuta Bwana Gaborit sokoni. Nikamuuliza yeye kama mwenyekiti, kwa nini klabu yetu ya mpira wa kikapu, Alouette, imemwazima mtoto wetu kwa watu wa Tourcoing kama ngazi ya kuchumia matunda. Akacheka, akachagua vitunguu vyake, kisha akaniambia hujafukuzwa. Utacheza huko msimu mmoja, na ikikaribia Pasaka ataamua kama anakurudisha au anakuachia. Shida, anasema, ni kwamba mpira wako unakwenda chini chini, na ligi kuu imejaa wasichana warefu wanaouzuia. Nikamjibu huo ndio mtupo wa hapa: mama yako aliutupa, na mimi niliutupa kabla yake. Akasema, "Najua, Bi Solange. Ndiyo maana."

Sikumwelewa, ila nilimnunia. Kula vizuri, na soksi ubadilishe.

Bibi yako,
Solange

Tourcoing, 23 Oktoba 2022

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, pole na goti. Soksi nabadilisha. Chakula hapa ni viazi vya kukaanga na viazi vya kukaanga, kwa hiyo usihofu, nitarudi mnene.

Kocha wangu anaitwa Vanhecke, mama mfupi mwenye sauti ya mnadani. Siku ya kwanza alinitazama nikitupa, akapuliza filimbi, akaniuliza mbele ya wote, "Wewe, nani alikufundisha kumtupia mbwa mfupa?" Walicheka mpaka wakakaa chini. Sasa kila siku mtu anasimama mbele yangu ameinua ufagio, na mpira sharti upite juu yake. Wangu unaugonga. Wenzangu wameshanipa jina: Fagio.

Nina swali, Bibi. Juzi mazoezini msichana mmoja alitupa mpira juu sana, na mimi bila kufikiri nikapiga kelele, "Boriti!" kama tunavyofanya nyumbani. Wote wakanigeukia kama mtu aliyepandwa na wazimu. Nikataka kuwaeleza, nikagundua sijui. Nimekua nikiipiga kelele hiyo pamoja na ukumbi mzima. Boriti gani?

Mjukuu wako,
Apolline

La Chapelle-Orsan, 2 Novemba 2022

Mjukuu wangu,

Nimefurahi kusikia u mzima, na nimeudhika na yote mengine.

Boriti gani! Mama yako alikufundisha nini? Klabu yako aliianzisha Padri Guilbaud mwaka 1937, kwa ajili ya wasichana wa kiwanda cha viatu. Uwanja ulikuwa ghala la nyumba ya mapadri, na madirisha yalifungwa kwa sababu askofu hakutaka magoti yetu yaonekane. Katikati ya ghala ilipita boriti ya mwaloni, na juu yake kulikuwa na dari ambako padri alihifadhi matufaha yake ya majira ya baridi. Ukitupa mpira juu, unagonga boriti, na matufaha yanakumwagikia kichwani. Padri mwenyewe alikaa mlangoni, na kila mpira ulipopaa alipiga kelele, "Boriti!" Wewe ukawapa wapinzani mpira, ukaokota matufaha. Sheria hiyo ilikuwa ya wenyeji na wageni.

Basi tukajifunza kuupitisha mpira chini yake, moja kwa moja mpaka kikapuni. Wasichana wa Angers walikuja na mitupo yao mizuri ya juu, wakarudi kwao na nundu. Ndivyo tulivyopanda daraja baada ya daraja, mpaka mwaka 1974, shirikisho liliposema ligi kuu haichezwi ghalani. Halmashauri ikajenga ukumbi huu mliokulia ninyi. Baadaye ikaja mishahara, wakaja na wachezaji kutoka Marekani. Tulichohama nacho ni jina la Alouette, jezi ya bluu, kelele ile na mkono wetu. Vingine vyote vimebadilika.

Mwambie huyo mama wa filimbi kwamba mkono huo ni wa watu wa hapa. Ukirudi na mkono wa kuazima, Apolline, mimi sitakutambua.

Bibi yako,
Solange

La Chapelle-Orsan, 18 Desemba 2022

Mjukuu wangu,

Salamu za baridi. Goti lilelile. Sijapata barua yako, na mama yako naye akiulizwa anajifanya anaosha vyombo.

Nimesikia kwenye redio kwamba mlicheza na hawakutaja jina lako. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Unaumwa? Nimekutumia mkate wa sikukuu, ule wa siagi nyingi. Ukifika umepondeka, uchovye kwenye kahawa.

Bibi yako, anayesubiri,
Solange

Tourcoing, 22 Januari 2023

Shikamoo Bibi,

Mkate ulifika mzima na uliliwa wote siku hiyohiyo. Asante. Siumwi. Nilikasirika, ndiyo maana nikanyamaza, na baada ya hasira nikaona aibu ya kuandika.

Mazoezini sasa mpira unapita juu ya ufagio, tena vizuri. Kwenye mechi nikiinua mikono nasikia boriti kichwani mwangu, na hapohapo mkono unashuka. Kwa hiyo situpi mtupo wako wala wao, natupa kitu cha katikati ambacho hakiingii popote. Ndiyo maana redio haina la kusema: nipo benchi. Juzi kocha alikuja kukaa karibu yangu, safari hii bila kelele, akaniuliza, "Kuna nani hapo juu ya kichwa chako?"

Nifanyeje, Bibi? Nikirudi na mkono wako, Bwana Gaborit hanichukui. Nikirudi na huu mwingine, wewe hunitambui. Na mimi nataka kurudi nyumbani. Tarehe 18 Machi tunakuja kucheza na Alouette hapo hapo Chapelle-Orsan, na kila nikiiwaza siku hiyo natamani nipate homa.

Mjukuu wako,
Apolline

La Chapelle-Orsan, 29 Januari 2023

Apolline wangu,

Umesema umenyamaza kwa hasira, na mimi nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilishindwa kukaa, nikavaa koti nikamfuata Ginette Bossard, uliyemzoea kwa miwani yake, aliyecheza pembeni yangu ujana wetu wote. Nikamwambia twende ghalani.

Siku hizi ni klabu ya wazee wanaocheza kwa kuvingirisha tufe sakafuni. Wanaitunza sakafu yao kuliko wake zao, kwa hiyo walitulazimisha kuvaa ndara za sufu kabla ya kuingia. Tukasimama katikati, vikongwe wawili ndarani. Mimi nilikuwa naikumbuka boriti ile kama kitu kikubwa, cha heshima, kitu cha kanisa. Ginette akainua fimbo yake ya kutembelea, akaigusa. Aliigusa hivi hivi, bila kujinyoosha.

Akaniambia, "Solange, sisi hatukuwa na mtindo wowote. Tulikuwa na dari fupi."

Nilicheka mpaka wazee wa tufe wakaniletea kiti. Ni kweli, mwanangu. Tulihama mwaka 1974, na hakuna aliyeiambia mikono yetu. Mama yako nilimfundisha uani, chini ya mbingu nzima, nikimkaripia kila mpira ulipopanda, na yeye akakukaripia wewe. Mnainamia mti ambao hamjawahi hata kuuona.

Tupa juu. Tupa unavyotaka. Nilisema sitakutambua, yalikuwa maneno ya bibi mwenye kiburi. Pua hiyo ni ya babu yako, na pua ile haifichiki popote. Homa usipate. Njoo.

Bibi yako,
Solange

La Chapelle-Orsan, 19 Machi 2023

Apolline wangu,

Natumaini mmefika salama. Basi lenu liliondoka kabla sijashuka ngazi zote na goti hili, kwa hiyo niliyotaka kukuambia mlangoni nakuandikia.

Kipindi cha kwanza sikuona vizuri, nilikuwa naomba. Nilijua ukitupa chini utazuiwa, na ukizuiwa mbele ya Gaborit mambo yameisha. Ulipoingia watu wakakupigia makofi kidogo, kisha wakakumbuka wewe ni mgeni wakaacha. Halafu ikafika dakika ya mwisho, sisi mbele kwa pointi moja, mpira mikononi mwako, na yule Mmarekani wetu mrefu amekusimamia kama kabati. Ukainua mikono. Nikauona mpira unapanda, unapanda tu.

Ukumbi mzima ukasimama, ukapiga kelele, "Boriti!" Na mimi nilipiga, Apolline, kwa sauti yote iliyobaki. Sikuwa nakukaripia, mdomo ulifunguka wenyewe. Nikafumba macho nikajifunika kichwa, na Ginette kando yangu amejifunika vilevile. Kisha nikasikia wavu.

Mlikuwa mmetufunga. Mtu mmoja akaanza kucheka, nadhani Ginette, na kicheko kikazunguka ukumbi hadi mwisho. Bwana Gaborit aligeuka kutoka kiti cha mbele, macho mekundu kwa kushindwa, akaniambia, "Bi Solange, huyo namrudisha. Sitaki kufungwa naye tena." Atakupigia simu Jumatatu. Ukisikia ndiyo, ni ndiyo. Nimepumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Lakini hilo silo nililotaka kukuambia mlangoni. Nilipofumbua macho, kwanza nilitazama chini miguuni pangu, nikitafuta matufaha. Kisha nikatazama juu, mara ya kwanza tangu ukumbi huu ujengwe.

Hakuna kitu pale, mwanangu. Ni paa tu, na liko mbali kweli.

Bibi yako,
Solange