Kimya cha Ukurasa wa Arobaini na Moja

3 Februari

Mwanangu Chiriku,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, ukiacha goti langu, ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu ngazi. Marehemu mama yako angesema ni uvivu tu.

Nakuandikia kwa jambo zito. Mwenye jengo anataka kuugeuza ukumbi wetu wa maigizo uwe duka la samani. Ametupa msimu mmoja wa mwisho, na simlaumu, maana watu hawaji. Wiki iliyopita tuliigiza mbele ya watazamaji tisa, na wawili kati yao walikuwa wamekimbia mvua. Mkata tiketi amefuma sweta zima akisubiri watu, sasa yuko kwenye la pili.

Mwongozaji anasema ukisimama jukwaani wewe, nyota wa filamu anayejulikana mpaka na watoto wachanga, ukumbi utajaa. Ni ule mchezo wa mama anayeletewa habari za kifo cha mwanawe. Tangu uondoke sijakuomba kitu. Hiki nakuomba.

Baba yako

19 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi umeniruka tangu nipate barua yako.

Nitakuja. Lakini naogopa, baba. Kwenye filamu nasema sentensi mbili, mtu anapiga kelele tusimame, napakwa poda, nakunywa chai, nasema nyingine mbili. Nikikosea tunarudia hata mara ishirini. Sijawahi kubeba maneno ya saa mbili kichwani. Niahidi utakuwa kwenye kigoda chako pembeni ya pazia, kitabu cha mchezo mkononi. Na utajuaje kwamba nimesahau, siyo kwamba nanyamaza kwa kuigiza?

Binti yako, Chiriku

2 Machi

Chiriku wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua. Goti lilisahau kuuma.

Unauliza nitajuaje. Mwanangu, miaka thelathini na moja nawanong'onezea waigizaji maneno yakiwatoroka, na ndiyo kazi iliyokulisha. Anayenyamaza kwa kuigiza hupumua. Aliyesahau huzuia pumzi. Mimi nasikiliza tu. Macho hayatoki kitabuni na kidole kiko kwenye mstari. Michezo yote hiyo nimeisikia, sijauona hata mmoja. Ukikwama usinitafute. Kabla hujameza mate, neno litakuwa limekufikia.

Tiketi za wiki zote mbili utakazoigiza zimekwisha. Mkata tiketi ameweka sweta kabatini, na foleni ilifika mpaka kwa fundi viatu.

Baba yako

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine sina.

Najua nimeondoka bila kuaga. Ukurasa wa arobaini na moja. Nimepewa shati la yule mwanangu wa mchezoni, nimelishika, na maneno hayapo. Yamefutika kabisa. Nikaisubiri sauti yako. Ukumbi mzima umetulia, nami nasubiri. Mwisho nikageuka, ingawa ulinikataza, nikakuona hatua tatu kutoka nilipo. Kitabu kilikuwa kimelala magotini. Ulikuwa unanitazama, baba, na mdomo umeufunga. Halafu mtu wa nyuma akacheka, wakacheka wengi, pazia likashushwa. Sasa kila simu ina video yangu nimetoa macho.

Nilipokwenda kwenye filamu ulisema nimechagua kazi ya vipande vipande. Miaka kumi na miwili umelitunza hilo moyoni, ukaona pale ndipo pa kulipiza. Haya, umelipiza. Mwambie mwongozaji atafute mwingine. Sirudi.

Binti yako

16 Aprili

Mwanangu,

Natumaini mwili una afya, hata kama moyo umechafuka.

Nakueleza ilivyokuwa, uamue mwenyewe. Ulipolipokea lile shati, uliguna. Mguno ule nimewahi kuusikia mara moja tu, kwa mama yako, siku tulipomzika kaka yako. Nikainua macho. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo nikauacha mstari, nikatazama. Uliponyamaza nilikuwa nalia. Niliamini, Chiriku. Nilidhani ni uchungu wa yule mama, nikaona vibaya kumkatiza. Ulipogeuka nikadhani yule mama anatafuta mtu wa kumwambia kwamba si kweli. Sikusikia kwamba umezuia pumzi, kwa sababu yangu mwenyewe nilikuwa nimeizuia.

Sikulipiza kitu. Niliacha kazi yangu nikawa mtazamaji, basi. Nisamehe.

Baba yako

22 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo. Uzima upo? Na goti je?

Barua yako ya Aprili nimeifungua jana. Imekaa miezi saba kwenye mfuko wa sanduku langu, maana niliona ukijitetea nitazidi kukuchukia. Nimeisoma nimekaa sakafuni, nikalia hadi anayenipaka poda akasema leo hanigusi. Nina tuzo mbili ukutani, na hakuna aliyewahi kunisifu hivyo. Nami nikakutukana. Nisamehe wewe, baba.

Narudi Januari, wiki mbili, wala sitaki malipo. Mwambie mwongozaji. Kitabu apewe mtu mwingine, wewe ukae mstari wa mbele.

Chiriku wako

30 Novemba

Chiriku wangu,

Barua yako imenikuta mzima, na baada ya kuisoma nimekuwa mzima zaidi.

Lakini hakuna ukumbi tena, mwanangu. Ulipoondoka watu walirudisha tiketi, na mwezi wa sita mwenye jengo akaleta malori. Viti viling'olewa mchana mmoja. Pale uliposimama sasa pana magodoro. Juzi nilipita, muuzaji akaniuliza natafuta kitanda cha futi ngapi. Mwongozaji anafundisha watoto hesabu. Tunasalimiana kwa mbali. Sikukuandikia haya kwa kuwa kosa lilikuwa langu, na hukuwa umenijibu.

Nilichookoa ni kigoda na kitabu. Njoo hiyo Januari. Sebule yetu unaijua, meza tutaisogeza dirishani. Shati la marehemu kaka yako bado ninalo, nitakupa ulishike badala ya lile la mchezo. Wewe utasimama mlangoni, mimi nitakaa kwenye kigoda, na kitabu nitakiacha chumbani. Ukifika pale ukurasa wa arobaini na moja, maneno yakikutoroka, usihangaike nayo. Nyamaza tu. Nitakuwa nakutazama.

Baba yako