Koti la Kwenda Thelujini

Dada,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwa sababu moyo umependa. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, goti la kushoto linamsumbua asubuhi tu, likishapata joto analisahau. Mimi ni mzima wa mwili. Kwa desturi ningeandika kwamba hofu ni kwako wewe uliye mbali, lakini wewe hukai mbali, Dada. Ni mwendo wa basi moja tu, na habari zako zote ninazo: mnaondoka Jumamosi, masanduku ni manne, na umeamua kujifunza ubao wa kutelezea thelujini.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu ujumbe wa simu huwa unausoma kwa sauti mezani, halafu mnacheka. Hii isome peke yako kwanza. Ukishamaliza, kama utataka kuwasomea wenzako, wasomee, sina la kuficha tena. Ila usiishie njiani kwa hasira, maana huko mwisho kuna jambo linalohusu mwili wako.

Nianze na daftari. Miaka ile tulipokuwa tumekaa kwenye cherehani mbili zinazotazamana hapa kiwandani, wewe ukitia zipu mpaka wakakubandika jina la Zipu, mimi nikishona mifuko, tulishona makoti ya theluji maelfu bila kuijua theluji, labda ile inayoganda kwenye friji ya Mama. Ni wewe uliyesema siku moja tutakwenda kuyavaa wenyewe. Mimi ndiye niliyenunua daftari. Ulikuwa unasema na mimi naandika, mchana, kila mtu na chupa yake ya chai. Niliandika kwamba huko kusini mwa dunia majira yamegeuka, baridi yao ni mwezi wa sita mpaka wa tisa, na theluji nzuri ni ya mwezi wa nane. Niliandika kwamba mwalimu aagizwe mapema hata kabla ya chumba. Anayeanza akae kwenye njia za kijani, kule chini kwenye mteremko wa watoto, asijifanye mjuaji. Skii, zile mbao nyembamba za kutelezea, ni mbili, kila mguu na yake. Ubao ni mmoja, miguu yote miwili imefungwa juu yake, na anayejifunza hushinda amekaa kitako. Wewe ulitaka ubao, mimi nilitaka skii, tukabishana wiki nzima kama watu wenye tiketi mfukoni.

Kwa hiyo mwezi wa pili uliponiomba daftari, ukasema unataka tu kujikumbusha, mimi mjinga nikafurahi. Nilijua zamu yetu imefika. Ulikuwa umeshaondoka kiwandani miaka sita, umeolewa, una nyumba yenye ngazi ndani, lakini nikasema moyoni, Dada hakusahau. Nilikwenda kwa msimamizi nikaomba likizo ya wiki mbili mwezi wa nane. Akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia, na yule mtu hana kifua, akawatangazia laini nzima. Mama Vifungo akaniagiza nimletee jiwe kutoka huko mlimani, dogo tu la kuweka dirishani. Nikangoja simu yako. Mwezi wa tatu kimya, wa nne kimya. Mwezi wa tano ukapiga, ukasema safari imeiva, mnakwenda wanne: wewe, mumeo, mama mkwe wako na wifi yako. Ukaniomba nije Jumapili na futi yangu niwapime, kwa sababu nguo za dukani zinambana wifi yako. Nikauliza, na mimi je? Ukasema, we naye, safari yenyewe ni ya kifamilia.

Nilikuja. Usiniulize kwa nini, hata mwenyewe sijajijibu. Nadhani nilitaka kukutazama usoni uliseme tena lile neno. Nikavua viatu mlangoni kwa heshima ya zulia lenu jeupe, soksi yangu ikaonyesha kidole. Wakwe zako walikuwa ndiyo kwanza wamerudi kutoka ng'ambo, hawajawahi kuniona. Hilo silishangai, harusi yenu ilikuwa ya karani na mashahidi wawili, mimi mwenyewe niliisikia wiki iliyofuata. Nikasimama pale katikati ya sebule, begi begani, nikingoja unitambulishe. Ukamwambia mama mkwe wako kwamba huyu ndiye fundi.

Dada, nilikutazama. Ukageuka ukapanga mito ya kochi. Mumeo, ambaye amekula kwangu mara mbili na kumwita mama yetu Mama, akatumbukiza macho kwenye simu yake kama anasoma matokeo ya mtihani. Basi nikatoa futi. Wifi yako akaanza, fundi hapa kwapani pasibane, fundi usinichome na pini, fundi andika vizuri hicho kiuno. Nikaandika vizuri hicho kiuno. Ilipofika zamu yako ukanyoosha mikono, ukatazama dari, na nilipokuzungushia futi kifuani nilisikia moyo wako unavyokwenda mbio. Uliogopa nitasema. Ungenijua vizuri usingeogopa, mimi huwa nasema nikishafika nyumbani, peke yangu, nikiosha vyombo.

Na kama hilo halikutosha, mama mkwe wako akaleta hoja kwamba safari isogezwe mwezi wa kumi na mbili, kwa kuwa huko alikokuwa yeye theluji ni ya mwezi huo, na kwenye picha zote ni hivyo. Mumeo akaafiki. Wifi yako akaanza kubadilisha tarehe hapo hapo. Wewe unajua, Dada. Iko ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa kalamu nyekundu, na ulikuwepo naandika. Ukarudia kupanga mito ya kochi. Unamwogopa yule mama kiasi kwamba ungewapeleka watu wote kuteleza kwenye majani. Nikatoa pini mdomoni nikasema kwamba huko kusini mwezi wa kumi na mbili watakuta jua na ng'ombe wanakula majani. Wakacheka, wakatafuta kwenye simu, wakakuta ni kweli. Mama mkwe wako akakusifu kwamba una fundi mwenye akili. Ukamjibu kwamba ndiyo, huwa anapenda kujisomea.

Anapenda kujisomea! Nimeibeba sentensi hiyo miezi miwili, kazini na nyumbani, hata bafuni.

Nikaenda nikashona. Msimamizi aliniachia mashine Jumamosi mchana, wenzangu wakishatoka. Likizo niliirudisha, na laini nzima iliona nikiirudisha, wakajifanya wana kazi nyingi. Mumeo nimemshonea suruali ya skii yenye kitambaa kigumu vifundoni, asijichane kwa makali ya skii zake. Wewe nimekuwekea kitambaa maradufu makalioni na magotini, kwa sababu utakaa sana chini, hilo sina shaka nalo. Mama mkwe wako, ambaye nasikia atashinda dirishani hotelini na kikombe, nimemshonea koti la mtu anayepanda kileleni. Limemkaa vizuri sana, nakiri. Dereva wenu alipokuja kuvichukua, jioni yake ukanitumia ujumbe wa shukrani. Hata kwenye simu, ambapo hakuna anayekuona, uliandika asante sana fundi.

Sasa jambo la mwili wako.

Hukukaa kiwandani muda mrefu lakini hili hukulisahau: kila tundu la sindano ni njia ya maji. Ndiyo maana mishono yote tunaibandika utepe kwa ndani, kwa mashine ya hewa ya moto, halafu koti linatundikwa chini ya bomba, na likibaki kavu ndani mkaguzi analigonga muhuri. Mimi siku hizi ndiye mkaguzi, namba kumi na nne. Makoti ya wenzako watatu nimeyapitisha kote. Lako sikulipitisha. Mishono ya mabega na ya kofia niliiacha mitupu, nikaifunika na bitana ili hata ukiligeuza usione kitu. Chini ya bomba sikulipeleka. Nikaligonga muhuri.

Miaka tisa niko kwenye kazi hii. Siku moja lori lilikuwa linangoja, msimamizi akaniomba nifumbe jicho kwa makoti kumi tu, nikakataa mbele za watu mpaka akaninunia mwezi mzima. Leo nimefumba yote mawili kwa koti moja.

Nilitaka ulowe. Nisilipambe. Nilikaa nikaona picha yote: asubuhi ya kwanza theluji inakutua mabegani na kuyeyuka taratibu, saa sita maji yameshafika kwenye sweta, halafu upepo wa kwenye vile viti vya kupandia mlimani, vinavyoning'inia kwenye waya, unamalizia kazi. Nilitaka utetemeke mbele ya mama mkwe wako, meno yagongane, akuulize nani alikushonea uchafu huu, ukose pa kuanzia. Nilitaka urudi mgonjwa unitafute mimi, siyo wao. Nilifurahi wakati nashona, Dada. Niliimba.

Furaha hiyo ilidumu mpaka juzi. Mama aliniuliza kama koti lako lina joto la kutosha, kwa sababu ya kifua chako. Nikamwambia ndiyo. Akasema tena, maana unakumbuka alivyolazwa darasa la tano. Nakumbuka, ni mimi niliyelala sakafuni kando ya kitanda chako, manesi wakinifukuza na mimi narudi, kwa kuwa ulikuwa unahema kama mtu anayevuta gunia, na niliogopa nikisinzia utaacha. Kifua hicho hicho ndicho nimekishonea koti lisilozuia maji. Sijutii kukukasirikia, ulistahili, na bado unastahili. Koti ndilo hukustahili.

Kubandika utepe ni kazi ya nusu saa, lakini ni kwa mashine yetu tu. Fundi wa mtaani akitia pasi ataunguza kitambaa. Na usimtume dereva. Tangu kuna nguo ziliibiwa hapa wametuwekea mlinzi mpya na sheria mpya: dereva haingii, mteja haingii, mzigo haupokelewi getini. Anayeruhusiwa ni ndugu wa mfanyakazi, basi. Mlinzi mwenyewe ni mtu mzima, hasikii vizuri, kwa hiyo atakuuliza mara mbili unamtaka nani na ni nani wako. Ukishajibu analirudia jibu lako kwenye kipaza sauti ili mhusika atoke, na kiwanda kizima kinasikia. Wenzetu wengi wa enzi zako bado wapo. Ukimwambia umekuja kwa fundi, atakwambia humu ndani tuko mafundi mia mbili, na geti halitafunguka. Najua ningeweza kutoka nje nikalichukua mwenyewe barabarani. Sitatoka.

Nipo Alhamisi na Ijumaa, saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu. Sina haja ya maua wala maneno marefu, wala simtaki mama mkwe wako apige magoti. Nataka ulitamke mara moja, kwa sauti, wewe ni nani wangu. Nitakaa karibu na spika.

Na kama neno hilo limekushinda kabisa, huko mlimani wanakodisha makoti, kakodi. Hili liache kabatini, au lichome moto, shauri yako. Nimekukasirikia, Dada, na sioni dalili za kuacha hivi karibuni. Lakini usilivae.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote kati ya haya, usimwambie. Hapo nyumbani msalimie yule unayeona anastahili salamu yangu. Nawatakia nyote safari ya heri, mwende na mrudi na miguu yenu yote.

Ni mimi,
mdogo wako wa tumbo moja.